Haifunguki, au Imefungwa?



Kisanduku ninachotaka kuwasimulia leo ni cheupe, kina antena mbili, na kinakaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwangu, hapa mjini Jinja. Watu wengi hukiita ruta, nami nitaiita hivyo, ingawa wapo wataalamu wanaopendelea jina la kipanga njia. Kazi yake ni kupokea intaneti kutoka mnara wa kampuni ya simu na kuigawa kwa waifai miongoni mwa simu na kompyuta zilizomo nyumbani. Niliichukua mwanzoni mwa mwaka 2023, kwa mkataba wa miezi 24. Tangazo la kampuni lilisema kwamba huduma hiyo haina kikomo. Nawaomba mliweke neno hilo, kikomo, mahali mtakapoliona, kwa maana tutalirudia.

Kilichonifanya nitoe fedha kila mwezi katika mshahara wa mwalimu ni masikio ya wanafunzi wangu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa kukipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nilifurahi sana. Lakini uamuzi ni jambo moja na masikio ni jambo jingine. Mtoto wa Jinja huamka na Kisoga, hununua mkate kwa Kiganda, hufanya mtihani kwa Kiingereza. Kiswahili hukisikia darasani tu, vipindi vichache kwa wiki, tena kutoka kinywa kimoja, ambacho ni changu. Nikaona sina budi kutafuta vinywa vingine.

Navyo havikuwa mbali. Barabara kuu itokayo Mombasa na kupitia Malaba kuelekea Kampala inapita hapa kwetu, na madereva wa malori husimama kula na kunyoosha miguu. Nilianza kuwaomba ruhusa ya kurekodi sauti zao. Mmoja alinieleza jinsi tairi la lori linavyobadilishwa usiku penye mteremko, na maelezo yake yana vitenzi ambavyo hakuna kitabu cha kiada kilichowahi kunipa. Mwingine alisimulia namna mama yake anavyopika samaki wa nazi, akakatiza katikati akasema njaa imemzidi. Kwa mwaka mmoja nilipata rekodi zipatazo arobaini, nikaziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ili wanafunzi wazisikilize.

Hawakuzisikiliza. Bando ni ghali kwa mtoto wa shule, na nyinyi mnajua. Mwaka 2018 serikali yetu ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilipoondolewa mwezi Julai 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Sitaingia leo katika ubishi wa kodi ipi ilikuwa nafuu kwa nani. Natosheka kusema kwamba mwanafunzi mwenye shilingi mia tano mfukoni hazitumii kumsikiliza dereva wa lori. Kwa hiyo nikawaambia waje kwangu Jumamosi alasiri, wakae kibarazani, wasikilize kwa waifai yangu bila malipo.

Jumamosi ya kwanza walikuja watano, ya pili saba. Jumamosi ya tatu wakaja tisa, na wa tisa alikuwa msichana wa Kidato cha Tatu aliyetembea kwa miguu kutoka Njeru, ng'ambo ya daraja la Mto Nile. Alikuwa na simu ya kuazima na visikizi vilivyofungwa uzi mahali waya ulipokatika. Akakaa pembeni, akaviweka masikioni, akawa anatikisa kichwa wenzake walipotikisa vichwa, na kucheka wenzake walipocheka. Baada ya saa nzima niliuliza swali juu ya masimulizi ya tairi. Nilipomfikia yeye alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Samahani, Mwalimu. Simu yangu haikuingia."

Hakuwa amesikia hata neno moja. Alikaa saa nzima akiigiza kusikia, kwa sababu aliona aibu kuwa yeye peke yake ndiye aliyekataliwa.

Usiku ule nilifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Nikaiona namba: idadi ya juu ya vifaa, 10. Simu yangu na ya mke wangu zilikwisha kuchukua nafasi mbili, wanafunzi wanane wakajaza zilizobaki, na wa tisa akabaki nje. Nilipojaribu kuibadilisha ile kumi, kitufe kilikuwa cha kijivu. Nikibonyeza hakiitiki. Nikaona kwamba huduma isiyo na kikomo ilikuwa na kikomo, nacho kilikuwa kimeandikwa wazi ila mahali ambapo mteja hapiti.

Jumatatu nikaenda ofisi ya wateja ya kampuni. Dada aliyenipokea alikuwa na adabu njema kabisa, na sina neno baya juu yake. Alibonyeza huku na huku, kisha akasema: "Mwalimu, hapo haifunguki. Ni mfumo."

Hapa, wanafunzi wangu, ualimu wangu ulinizidi nguvu. Tazameni kitenzi alichokitumia. Tunacho kitenzi *funga*. Tukikigeuza katika kauli ya kutendua tunapata *fungua*. Tukikipeleka *fungua* katika kauli ya kutendeka tunapata *funguka*, na kwa kukanusha, *haifunguki*. Mtu akisema mlango haufunguki, anaeleza tabia ya mlango: pengine umevimba kwa mvua, pengine bawaba zimeshika kutu. Hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo. Lakini mtu akisema mlango *umefungwa*, hiyo ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa daima ina nafasi tupu nyuma yake inayomngoja mtenda: umefungwa *na* nani? Mnaweza kutomtaja, lakini yupo, na sarufi inamjua.

Ruta yangu haikuwa na kutu. Kile kitufe kilikuwa kimefungwa, maana yake kulikuwa na mtu aliyekifunga, siku fulani, kwa sababu fulani. Sababu ingeweza kuwa njema. Huenda mashine ni dhaifu na ikizidiwa hukwama. Huenda mnara wetu umeelemewa. Ningezikubali sababu hizo iwapo ningeambiwa. Nisichoweza kukikubali ni kuambiwa "ni mfumo", kwa jinsi inavyosemwa mvua inanyesha. Siku hizi neno *mfumo* limekuwa pazia. Benki, hospitalini, penye foleni ya vitambulisho, mfumo umegoma, mfumo umekataa, mfumo hauoni jina lako. Ni neno zuri la Kiswahili, latokana na kitenzi *fuma*, na kilichofumwa kina mfumaji.

Sikumwambia dada yule maneno yote haya. Kulikuwa na watu kumi na watano nyuma yangu.

Nilirudi nyumbani nikafanya jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutia sahihi: nilisoma mkataba. Kurasa sita, maandishi madogo. Nikakuta mambo matatu. Kwanza, ruta ni mali ya kampuni mpaka miezi 24 itimie, nami siruhusiwi kuifungua wala kubadilisha programu iliyomo ndani yake. Pili, siruhusiwi kuiuza huduma. Tatu, huduma ni kwa matumizi ya watu wa nyumba yangu.

Hilo la tatu lilinichoma. Wanafunzi wanane kibarazani si watu wa nyumba yangu, japo nawapenda. Mimi ninayewafundisha kwamba raia huheshimu ahadi aliyoitia sahihi nilikuwa nikiivunja kila Jumamosi, tena kwa furaha.

Siku zile zile jirani alinielekeza kwa kijana mmoja fundi wa simu mjini. Fundi akaitazama ruta, akasema: "Hii ni kazi ya nusu saa, Mwalimu. Naiondoa programu yao naweka nyingine, utaingiza hata watu hamsini." Bei yake ilikuwa nafuu. Nakiri kwamba niliitoa pochi mfukoni, nikaishika, kisha nikairudisha. Hofu ya kukamatwa haikuwamo, maana nani angekuja kunikamata? Lakini yule msichana wa Njeru angeniuliza nimefanyaje, na nisingekuwa na jibu ninaloweza kulitamka mbele ya darasa.

Badala yake nilimwendea mwenzangu anayefundisha somo la kompyuta shuleni kwetu. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali lililonifungua macho: "Hao watoto wanahitaji intaneti, au wanahitaji rekodi zako?"

Swali hilo lilinikumbusha mwezi Januari 2021. Wengi wenu mnakumbuka. Jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi mpaka tarehe 18. (Angalieni: *ilizimwa*. Kauli ya kutendwa.) Shule nyingi wakati huo zilikuwa bado zimefungwa kwa wanafunzi walio wengi kwa sababu ya korona. Siku moja katika zile siku tano, mke wangu alitaka picha iliyokuwa katika simu yangu, nami nikamtumia kwa waifai, kutoka simu hadi simu, ndani ya sebule ile ile. Ikafika. Tulitazamana kama watu waliogundua dhahabu. Intaneti ilikuwa imekufa, lakini mtandao mdogo wa nyumba yetu ulikuwa hai.

Kumbe waifai na intaneti ni vitu viwili. Watu huvichanganya kila siku, hata mimi nilivichanganya. Waifai ni njia fupi ya redio kati ya kifaa na kifaa, ndani ya nyumba na ua wake. Intaneti ni safari ndefu inayoanza pale ruta inapoupokea ujumbe na kuupeleka nje. Hiyo ya pili naikodi kwa kampuni, na ndiyo mkataba wangu unayoihusu. Ile ya kwanza, nikiwa na chombo changu mwenyewe, hainihitaji niombe ruhusa ya kampuni.

Basi nikanunua ruta nyingine, iliyotumika, kwa shilingi 85,000. Hii ni yangu, naweza kuifungua mpaka mifupa. Tukachukua waya wa mtandao, upande mmoja tukauchomeka katika tundu la ruta ya kampuni, upande wa pili katika tundu la kuingilia la ruta yangu. Jambo la kupendeza katika mpango huu ni hesabu yake. Ruta ya kampuni huiona ruta yangu kama kifaa kimoja tu, sawa na simu moja, hata kama nyuma yake kuna simu ishirini. Kikomo cha kumi bado kipo pale pale, sikukigusa, ila sasa hakinihusu.

Usiku wa kwanza hakuna kilichofanya kazi. Tulikaa mpaka saa saba, mwenzangu akapigiwa simu na mkewe mara tatu. Kosa tuliliona baadaye, na ni kosa ambalo kila mwenye ruta mbili hulifanya mara moja maishani. Kila ruta hugawa anwani za namba kwa vifaa vilivyo chini yake. Ruta ya kampuni ilikuwa ikigawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Ruta yangu nayo, kama ilivyotoka kiwandani, ilikuwa ikigawa zile zile. Ilikuwa kana kwamba mitaa miwili jirani imepewa jina moja na nyumba zake namba zilezile. Tarishi akifika njia panda hajui akunje wapi. Dawa yake ilichukua dakika mbili: tuliibadilisha ruta yangu igawe anwani zinazoanza na 10.20.30. Mwaka 1996 wataalamu wa intaneti walitenga rasmi mafungu matatu ya anwani ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia ndani ya nyumba yake bila kumwomba mtu. Fungu la 10 ni mojawapo, la 192.168 ni jingine. Mnaweza kupanga humo mpendavyo.

Kisha tukafanya jambo la pili. Mwenzangu alikuwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ukubwa wa kiganja, iliyokaa kabatini bila kazi. Tukaiwekea rekodi zote arobaini na programu ya bure ya kuzitoa kama kurasa za tovuti, tukaiunganisha na ruta yangu. Ruta ya kampuni haikuruhusu kugusa kitabu cha majina, yaani orodha ambayo hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ruta yangu inaruhusu. Tukaandika humo jina moja: *darasa*. Mwanafunzi akiingia kwenye waifai yetu na kuandika darasa katika kivinjari, anawakuta madereva wote wa Mombasa wakimngoja. Na tukaipanga ruta yangu ili wageni wa kibarazani wafike kwenye kompyuta hiyo tu, wasipite kwenda nje. Hawatumii hata chembe ya intaneti ya kampuni. Mkataba wangu umesimama wima, na Jumamosi iliyofuata waliokuja walikuwa kumi na wanne, wote wakaingia.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Simu nyingi za siku hizi zina akili ya kujifanya zinajua. Zikiona waifai isiyo na intaneti, hulalamika, na baadhi hukata waifai zenyewe na kurudi kwenye bando bila kumuuliza mwenyewe. Mvulana mmoja alipoteza bando la wiki nzima kwa namna hiyo, nikamlipa. Sasa nimebandika karatasi ukutani: "Zima data kwanza. Simu ikikuambia hakuna intaneti, iambie unajua, na ubaki." Halafu palikuwa na mgongano wa masafa, kwa kuwa ruta mbili zilizowekwa kabati moja, zote zikisema katika mkondo uleule wa redio, huzibana sauti kama wahubiri wawili penye kituo kimoja cha basi. Katika masafa ya kawaida ya waifai, mikondo isiyoingiliana ni wa 1, wa 6 na wa 11. Ya kampuni ilikuwa kwenye 6, yangu nikaipeleka kwenye 11 na nikaihamishia dirishani. Umeme ukikatika tunatumia betri ya zamani ya pikipiki ya mwenzangu, ambayo ni hadithi nyingine.

Likizo zilipokaribia, yule msichana aliniuliza kama anaweza kuandika darasa akiwa nyumbani kwao Njeru. Nikasema nitajaribu. Nilijaribu majuma mawili, nikashindwa, na kushindwa kwenyewe kuna mafunzo.

Ili mtu wa nje aifikie kompyuta yangu, nyumba yangu ingelazimika kuwa na anwani yake katika dunia. Haina. Anwani ambayo kampuni imeipa ruta inaanza na 100, na nilipochunguza nikajua kwamba ni katika fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya makampuni yanayowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fikirini sanduku la posta la shule yetu. Mwanafunzi akiandika barua kwenda nje, karani huandika katika daftari nani ameandika na amemwandikia nani; jibu likija humpelekea. Lakini ikija barua isiyotarajiwa, iliyoandikwa namba ya sanduku tu bila jina, karani hajui ni ya nani, huitupa. Simu ya msichana wa Njeru ilikuwa ni barua isiyotarajiwa.

Na hapa, kwa haki, sikumlaumu mtu. Anwani za mtindo wa zamani ni 4,294,967,296 tu kwa dunia yote, nazo zilianza kugawanywa zamani, wakati Afrika haijafika kwenye foleni. Zipo anwani za mtindo mpya, ndefu zaidi, zilizobuniwa tangu miaka ya 1990, lakini hazijafika kwenye ruta yangu. Ningeweza kukodi kompyuta ng'ambo iwe daraja kati yetu, na watu wengi hufanya hivyo. Nikapiga hesabu ya dola kwa mwezi, nikaona inatosha kununua vitabu. Kwa hiyo tulifanya lililo rahisi: kabla ya likizo kila mmoja alinakili rekodi zote arobaini katika kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Aliyekosa kadi alinakili kumi. Njia bora ya kuizunguka ruta, mara nyingine, ni kutembea kwa miguu kupita daraja ukiwa na kadi mfukoni.

Nilikaribia kuamini kwamba mambo yamekwisha, mpaka asubuhi moja nilipokuta jina la waifai ya kampuni, ambalo nilikuwa nimelibadilisha, limerudi lile la kiwandani. Nywila niliyoiweka pia ilikuwa imefutika. Hakuna mtu aliyeingia nyumbani. Ruta nyingi za makampuni zina mlango wa nyuma ambao mwenye kampuni huutumia kuzisimamia akiwa mbali. Kanuni inayotumika sana kwa kazi hiyo, TR-069, ilitolewa mwaka 2004. Mlango huo una faida zake. Likigunduliwa tundu ambalo wezi wanaweza kupitia, kampuni huliziba katika maelfu ya nyumba kwa usiku mmoja, jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya kamwe. Bado sikupenda. Mgeni anayerekebisha paa lako ni mgeni mwema, lakini angebisha hodi.

Tulilijadili darasani, katika kipindi cha uraia, tukauliza: katika nyumba yangu, mpaka wa kampuni unaishia wapi? Niliwaeleza kwamba nchini Ujerumani swali hilo lilijibiwa kwa sheria. Tangu tarehe 1 Agosti 2016, mtandao wa kampuni huko huishia kwenye tundu la ukutani. Ruta ni chaguo la mwenye nyumba, na kampuni inawajibika kumpa namba na nywila za kuiunganisha. Mwanafunzi mmoja akasema sheria kama hiyo kwetu ingekuwa bure, kwa sababu intaneti yetu haitoki ukutani, inatoka hewani kwa laini ya simu. Mwingine akamjibu kwamba laini nayo unaweza kuitoa katika ruta moja na kuitia katika nyingine, kama kampuni haikuifunga. Nikawaacha wabishane mpaka kengele ikalia.

Mjadala ule ndio ulionisukuma niandike barua. Niliiandika kwa Kiingereza, nikaambatisha tafsiri ya Kiswahili kwa kiburi tu. Niliuliza maswali matatu: ni nani aliyeweka kikomo cha vifaa kumi na kwa sababu gani, je, mkataba unanikataza kuweka ruta yangu nyuma ya yenu, na je, mkibadilisha mipangilio usiku, hamwezi kunitumia ujumbe? Chini nikaeleza kwamba nisiporidhika nitaipeleka nakala kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Hiyo si vitisho. Mteja huanza kwa kampuni yenyewe, kisha huenda kwa Tume, na ni vizuri kila upande ujue ngazi inayofuata.

Jibu lilikuja wiki ya tano. La pili walijibu vizuri: hapana kizuizi, mradi siiuzi huduma. La tatu walilipita kimya. La kwanza walilijibu kwa sentensi moja, na naishukuru kwa unyofu wake. Walisema kikomo cha kumi kinaendana na kifurushi nilichochagua, na kwamba nikihamia kifurushi cha juu kitafunguliwa hadi 32, bila kubadilisha kifaa.

Bila kubadilisha kifaa! Kisanduku kile kile, antena zile zile, kabati lile lile. Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti darasani, nikawauliza wanafunzi wakitaje kitenzi na kauli yake. Wakajibu kwa pamoja: *kitafunguliwa*, kauli ya kutendwa. Msichana wa Njeru akanyoosha mkono, akasema: "Basi siku zote kulikuwa na mtu."

Sikuhamia kifurushi cha juu. Jumamosi iliyopita walikuja wanafunzi ishirini na mmoja, na mkeka wa pili tumeuazima kwa jirani.

Juzi mwenzangu wa kompyuta alinifuata katika chumba cha walimu amekasirika nusu na kucheka nusu. Alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba ukurasa fulani wa kamusi haufunguki katika kompyuta za maabara, kwa sababu ya mfumo. Msichana mmoja akasimama, akamwamkia kwa heshima, kisha akamuuliza: "Samahani, Mwalimu, haufunguki, au umefungwa?" Ikamlazimu aende kutazama. Akakuta ukurasa ule umo katika orodha ya tovuti zilizozuiwa, na aliyeuandika humo, mihula miwili nyuma, katika kuwazuia watoto wasicheze michezo, ni yeye mwenyewe. Nywila ya kuuondoa ameisahau.